Shangazi Alisema Tusimamishe Filamu

Hotuba ya ufunguzi mbele ya wapenzi wa filamu, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi wadogo mliokaa mikekani pale mbele: asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nifungue jioni kwa kusema neno juu ya filamu nilizotazama nyumbani tangu tulipoachana mwezi uliopita. Desturi yetu mnaijua. Mtu anasimama, anataja filamu, anasema imempendeza au imemchosha, anaketi, mwingine anasimama. Leo nawaomba subira kidogo, maana nyumbani kwetu limetokea jambo ambalo bado ninalo kichwani, na nataka mlisikie lote.

Sisi tunakaa Katuba. Nyumba ina watu tisa na televisheni moja. Filamu zinatufikia kwa flashi, kwa mkono wa jirani au wa mwanafunzi anayetoka mjini, na mara chache kwa mega, pale mtu anapokuwa amepata hela ya kupakua. Jumamosi usiku, umeme ukiwapo, tunatazama kwenye televisheni; usipokuwapo tunaweka kompyuta ya shemeji mezani na kusogeza viti. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana kiti chake karibu na mlango. Kifaransa hakijui. Kwa hiyo tumeishi na utaratibu ambao naamini upo katika nyumba zenu nyingi: mtoto wa dada yangu, aliye mwaka wa sita wa shule ya msingi, anakaa miguuni pake na kumsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili.

Kazi hiyo ni ngumu, na mtoto anaifanya kwa moyo. Anasoma mstari wa kwanza, anautafuta kwa Kiswahili, na kabla hajautamka wa pili umeshapita. Inabidi afupishe. Mtu kwenye filamu anasema maneno 30, shangazi anapewa mawili: "Amekasirika." Mwanamke analia na kueleza habari za maisha yake yote, shangazi anaambiwa: "Mume alimwacha." Sisi tukicheka, yeye anauliza tumecheka nini, na anapojibiwa kichekesho kimekwisha. Nimeishi na hayo miaka mingi, sijayatilia maanani hata siku moja.

Basi shemeji akaleta Makala. Wengi mnaijua kwa jina. Ni filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, ya mwaka 2017, na mwaka huohuo ilipata tuzo kuu katika Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ni maisha ya kweli ya Kabwita, kijana mwenye mke na watoto, katika kijiji cha upande wa Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka hapa tulipokaa. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka. Anaukatakata, anaupanga, anaufunika kwa udongo, anauchoma. Kisha anapakia magunia kwenye kinga, anaisukuma kilomita 50 mpaka Kolwezi kwenda kuuza, akitumaini kupata hela za mabati ya nyumba. Mgeni wetu kutoka Kigoma, kinga kwetu ni baiskeli. Na makala, ambayo kwenu ni maandishi ya gazeti, kwetu ni makaa ya kupikia. Hadithi nzima ndiyo hiyo, zaidi kidogo ya saa moja na nusu.

Humo ndani wanazungumza Kiswahili. Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha sokoni na cha uani.

Mtoto alikaa miguuni pa shangazi kama kawaida, akafungua mdomo asome. Shangazi akamwekea mkono begani, akamwambia: "Acha, mwanangu. Nasikia."

Nasikia. Miaka yote niliyokaa na shangazi mbele ya televisheni sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Tangu hapo mambo yakageuka. Sisi tuliosoma tulikuwa tumeinamisha macho chini kwenye maandishi, kwa mazoea tu, ingawa lugha ni ya kwetu. Yeye macho yake yalikuwa juu, kwenye mikono ya Kabwita. Akaanza kucheka kabla yetu. Akaanza kuguna kabla yetu. Tukawa sisi ndio tunaouliza kuna nini.

Ilipofika sehemu ya kupakia mzigo, akasema: "Simamisha hapo."

Shangazi aliuza makala kwa zaidi ya miaka 20. Akainuka, akaja mpaka mbele, akaweka kidole kwenye picha. Gunia la makala, alisema, haliishii kwenye mdomo wa gunia. Mchomaji anachomeka vijiti kuzunguka ule mdomo, anajaza makala mpaka kwenye ncha za vijiti, anafunika kwa majani makavu, kisha anasuka kamba juu yake kama wavu. Hicho ndicho kichwa cha gunia, na muuzaji wa mjini anakitazama hicho kabla hajauliza bei. Vijiti vikiwa vimesimama, mchomaji ni mwangalifu. Vikiwa vimelala, mzigo umetikiswa njiani, makala ya ndani yamevunjika, na utauziwa vumbi. Akaonyesha magunia yaliyoning'inia chini, kando ya magurudumu: huyu amefunga ya chini kwanza, kwa sababu uzito ukikaa juu kinga inapinduka kwenye mchanga. Akaonyesha fimbo. Magunia yamejaa mpaka yamemtenga mtu na usukani, mkono haufiki. Fimbo ile iliyofungwa pale mbele ndiyo mkono wake. Akiivuta kinga inageuka, akiiachia mzigo wote uko chini.

Mimi nilikuwa nimeshaitazama filamu ile peke yangu, kwenye simu, kitandani. Fimbo niliiona. Kazi yake sikuijua.

Tukaendelea. Usiku, barabarani, gari linaipiga ile kinga na mzigo unaanguka. Sisi tulishika vichwa. Shangazi alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, na alipomaliza akatuambia hasara ni kiasi gani, gunia kwa gunia, kama mtu aliyekuwapo. Halafu wale wanaume wa njiani wanaomzuia asipite mpaka awaachie gunia. Pale hakuhesabu. Alinyamaza, akajifunga kitenge upya.

Zikiwa zimebaki dakika kama 20, umeme ukakatika. Kompyuta ya shemeji nayo haikuwa na chaji. Tukabaki na mshumaa mmoja, na swali: je, mabati atayapata?

Niwaambieni ukweli, ule mjadala wa gizani ulikuwa bora kuliko mijadala mingi niliyosikia hapa, na naisema hivyo kwa mapenzi. Shemeji alikuwa na hasira. Alisema si haki: mtu anasukuma mzigo ule mlimani, wewe unatembea nyuma yake na kamera, humpi hata bega? Dada yangu akamjibu kwamba yule Mfaransa angesukuma, ile isingekuwa tena safari ya Kabwita, na sisi tusingejua ilivyo. Wakabishana mpaka nta ya mshumaa ikamwagika mezani. Ndipo shangazi akauliza, kwa upole kabisa: "Na huyo mwenye kamera, usiku alilala wapi? Alikula nini?"

Hakuna aliyejibu. Filamu inatuonyesha mahali Kabwita anapolala, anapopumzika, anavyokula. Aliyeshika kamera haonekani. Mimi naipenda Makala, nasema hivyo mbele yenu wote bila kujificha. Sijaona filamu nyingine inayoheshimu kazi ya mikono ya mtu wa kwetu namna ile, inayotoa muda mrefu hivyo kwa shoka na mti mpaka mtazamaji anahisi mabega yake yanachoka. Lakini swali la shangazi ni swali halali, na tangu siku ile kila filamu ninayotazama juu ya nchi yetu ninaiuliza hivyohivyo.

Kasoro moja ambayo mimi na shangazi tulikubaliana ni muziki. Gras ameweka chelo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, juu ya safari. Ni muziki mzuri. Lakini shangazi alisema kinga hailii hivyo, akaiga mlio wenyewe: kwi, kwi, kwi, chuma cha gurudumu la nyuma chini ya uzito. Mwenye kusukuma anausikiliza mlio huo njia nzima, kwa sababu ukibadilika ajue chuma kinataka kuvunjika. Chelo inamwambia mtazamaji ahuzunike. Ile kwi kwi ingemwambia kama mtu huyu atafika. Mimi ningeichagua kwi kwi.

Kesho yake mchana umeme ulirudi, tukamaliza. Mabati yalikuwa ghali kuliko alivyodhani. Mwishoni watu wako kwenye maombi, wanaomba kwa sauti, na shangazi akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango akaitikia "Amina" pamoja nao. Mtoto wa dada yangu alimwangalia sana.

Baada ya hapo nikaanza kufanya kwa makusudi kile kilichokuwa kimetokea kwa bahati. Nikawa natafuta mtu wa kutazama naye.

Mjomba wangu alizaliwa Kikula, pale Likasi. Nikamwalika tutazame The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Richie Smyth. Vijana mnaipenda kwa sababu ya risasi. Ni habari ya askari wa Ayalandi, 150 na ushee, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakazingirwa Likasi kuanzia tarehe 13 mpaka 17 Septemba 1961, wakati mji unaitwa bado Jadotville kwa jina la Mbelgiji. Walipigana mpaka risasi na maji vikawaishia, wakasalimu amri. Hata mmoja wao hakufa pale. Waliporudi kwao hawakupewa heshima. Ilichukua zaidi ya miaka 40 nchi yao ikiri kwamba walipigana kiume. Hayo yote filamu inayaeleza vizuri, na kamanda wao Pat Quinlan, anayeigizwa na Jamie Dornan, anabaki moyoni.

Mjomba alikuwa na miaka minane wakati ule. Alikaa kimya karibu filamu nzima. Mara moja tu alisogea mbele, ndege ya kivita ilipopita juu ya askari. Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilikuwa na ndege ya aina ya Fouga, na ndiyo iliyowashambulia. Mjomba akasema: "Ile nilisikia. Mama alitulaza chini, akatufunika godoro." Hakuongeza neno.

Ilipokwisha akauliza: "Sasa Kikula iko wapi?"

Nikamweleza kwamba filamu ilipigwa Afrika Kusini. Akasema sicho anachouliza. Vilima anaweza kuvisamehe. Anauliza watu. Siku zile tano mji ulikuwa na akina mama, watoto, wafanyakazi wa mgodi, wachuuzi wa samaki, mapadri. Kwenye filamu kuna askari wa huku na askari wa kule, na mabwana wanaopigiana simu katika ofisi. Mtu wa Likasi anayepika, anayetafuta mtoto wake, anayejiuliza kesho soko litakuwapo au la, hayumo. Mjomba hakuwa na hasira. Alisikitika kama mtu aliyefungua albamu ya picha za harusi ya kwao akakuta ukurasa wa familia umechanwa.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema hivi: itazameni, imetengenezwa kwa ufundi, na inasema kweli juu ya wale Waayalandi. Lakini msiichukue kuwa historia ya Likasi. Ni historia ya ua mmoja wa Likasi. Na nawaomba sana, kama kuna mzee nyumbani aliyekuwapo Katanga mwaka 1961, itazame naye, na uwe na daftari.

Filamu za Lumumba sitazikalia leo, tumezizungumza mara nyingi. Ile ya Raoul Peck ya mwaka 2000, iliyopigwa Msumbiji na Zimbabwe, bado ni ngumu kwangu kuitazama kwa sababu najua mwisho uko hapa kwetu, tarehe 17 Januari 1961. Baba aliiona tena nasi, na alichosema ni kwamba mwaka 2022, jino la Lumumba, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, lilipopitishwa Shilatembo alikouawa, baada ya Ubelgiji kulirudisha, ndipo alipohisi filamu ile imefika mwisho wake. Ile ya Johan Grimonprez ya mwaka 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat, yenye jazi nyingi na picha za kumbukumbu, ni ndefu, dakika 150, na inakwenda mbio. Lakini mzee yeyote wa Lubumbashi ataamka kitini atakapokumbushwa kwamba Louis Armstrong alipiga tarumbeta yake hapa, wakati Lubumbashi inaitwa bado Élisabethville, mwezi Novemba 1960, majuma machache tu kabla Lumumba hajaletwa kuuawa. Sisi tulisimamisha hapo pia. Tulihitaji kunyamaza kidogo.

Sasa Augure. Hapa ndipo nyumba ilipogawanyika.

Baloji aliyeitengeneza ni mwana wa Lubumbashi, amezaliwa hapa mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, akawa mwanamuziki kabla hajashika kamera. Filamu yake ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 na kupata tuzo ya sauti mpya. Sehemu yake imepigwa Kinshasa, sehemu nyingine papa hapa. Koffi anarudi kutoka Ulaya na mchumba wake mzungu, mjamzito, ili apate baraka ya wazazi. Tangu utoto familia ilimwita zabolo, yaani wa shetani, kwa sababu ya alama usoni. Anafika, anapewa mtoto mchanga ambebe, na damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto.

Mnaikumbuka ile kimya inayofuata. Sebuleni kwetu palikuwa na kimya kama ile. Mke wa kaka yangu, bila kujua anafanya nini, alimvuta mwanawe kifuani.

Hapo sikuhitaji kusema tusimamishe, kila mtu alisema. Dada yangu alilia. Alikumbuka mtoto wa mtaani kwetu, miaka ile, aliyefukuzwa na watu wa nyumbani kwao kwa sababu mama yake alifariki na wakasema yeye ndiye aliyemla. Tulicheza naye mpira. Siku moja hakuwapo, na hakuna mtu mzima aliyetuambia amekwenda wapi. Kaka akasema nchi sasa ina sheria, ile ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na kumsingizia mtoto uchawi ni kosa. Dada akamjibu: sheria ipo, ila wewe mwenyewe wiki iliyopita ulisema nini juu ya mtoto wa fulani? Kaka hakujibu. Siwaelezi haya ili nimwaibishe. Amenipa ruhusa, na yuko hapa.

Mama hakuipenda filamu. Alisema mji wenyewe hautambui, mara anaona kwetu, mara anaona Kinshasa, mavazi hayafanani na ya mahali popote. Namwelewa. Mimi nadhani Baloji alifanya hivyo kwa kusudi, alitaka mji wa ndotoni ambao hautamruhusu mtu yeyote kusema "hayo ni ya kule kwao". Lakini kwa Mama filamu isiyo na mahali haina mtu, na sikuweza kumshinda. Wale watoto wa mitaani waliovaa magauni ya waridi walinivutia macho kuliko kitu chochote nilichoona mwaka huu. Hadithi yao, kwangu, ilikatwa mapema mno.

Shangazi alikuwa na neno kuhusu jina. Mgeni wetu wa Kigoma, kwenu balozi ni mtu mkubwa, anawakilisha nchi, ana bendera kwenye gari. Hapa kwetu ukisema balozi, mtu anashika watoto wake: ni wachawi, wale ambao Kiswahili chenu kinawaita walozi. Shangazi alipoambiwa aliyetengeneza filamu anaitwa Baloji, alikaa akifikiri, halafu akasema: "Basi huyu anajua anachosema. Ameitwa hivyo tangu siku ya kwanza shuleni." Nimesoma maoni mengi ya wahakiki juu ya Augure. Hakuna lililoniingia kama hilo. Filamu ya mtu aliyebeba tangu kuzaliwa neno ambalo watu wanalikimbia, na shangazi aliliona kwenye jina kabla ya picha ya kwanza kufunguka.

Nyingine niliyotazama ni Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017, juu ya Kanali Honorine Munyole wa polisi anayelinda wanawake na watoto, anavyohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Shemeji yangu amekulia Bukavu. Nilimsikia akirudia maneno ya Mama Kanali kwa sauti, akitabasamu, maana ni Kiswahili cha kwao, kile ambacho sisi hapa tunakicheka kidogo kila anapofungua mdomo. Usiku ule hakuna aliyekicheka.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na ni kwa hili niliomba muda mrefu.

Tumekutana hapa muda wa kutosha. Nikihesabu waliosimama kuzungumza, karibu wote ni wanaume, na wote ni watu wanaosoma Kifaransa. Tunataja mwongozaji, tunataja tuzo, tunasema upigaji picha ulikuwa hivi. Wakati huohuo mama zetu wako kule nyuma wanachemsha chai, na wazee wamebaki nyumbani kwa sababu tumewaambia ni mambo ya vijana. Filamu inayohusu makala tumeijadili bila muuza makala. Ya Likasi tumeijadili bila mtu wa Likasi. Na tulidhani tumeijadili.

Naomba mkutano ujao kila mmoja aje na mtu aliyetazama naye. Ambaye hajui Kifaransa, sisi tumtafsirie, na tumtafsirie maneno yote 30, tusimpe mawili. Chai tutachemsha sisi. Nimeshazungumza na vijana wawili hapa, na wamekubali kujifunza kuandika maandishi ya chini kwa Kiswahili kwa kutumia programu ya bure kwenye kompyuta. Ni kazi ya usiku mwingi: unasikiliza sentensi, unaiandika, unaipimia muda wake kwenye skrini, unarudia. Tunataka kuanza na filamu moja tu. Anayejua kuandika Kiswahili vizuri, na asiyechoka upesi, atuone kabla ya kuondoka.

Mtoto wa dada yangu ameniuliza kama hiyo inamaanisha yeye hatasoma tena. Nikamwambia atasoma, ila sasa atasoma Kiswahili, na shangazi atamsahihisha.

Kuna jambo moja la mwisho juu ya Makala. Shangazi anasema pale Kabwita anapoufunika mti kwa udongo kuna kitu anakifanya na mkono wa kushoto ambacho sisi wote hatukukiona, na kwamba kwa kitu hicho tu yeye alijua yale makala yatatoka mazuri. Sijui ni nini. Nimemwomba aniambie nyumbani, amekataa, amesema atasema mbele ya watu, picha ikiwa imesimama.

Yuko pale karibu na mlango. Kijana, sogeza kompyuta, irudishe mpaka anapochukua jembe. Hapo. Shangazi, karibu, kiti hiki ni chako.